Naomba ushauri: kando ya bwawa la kuogelea pamegeuka gulio (Jambiani)

BintiMsimamizi

Asalaam alaykum jamaa zangu.

Mie nasimamia nyumba ya kukodisha hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mstari wa mbele kabisa, ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga. Mwenyewe yupo Maskati, anakuja siku kuu tu. Siku nyengine zote ni wageni. Baina ya nyumba na ufukwe kuna bwawa dogo, mita nane kwa nne, na sakafu nyembamba pembeni ambayo ukilaza kiti basi pa kupita hapana.

Maji yenyewe hayanipi shida, tabu yangu ni vitu. Mataulo juu ya uzio, makubadhi, matakia ya viti, fito ya neti, brashi, mpira wa maji, maboya ya watoto (mojawapo ni ndege mkubwa wa waridi, upepo wa kusi ulipoanza ukamnyanyua hadi juu ya mti wa mvinje wa jirani). Napanga asubuhi, ikifika adhuhuri hapatazamiki. Stoo ya nje hatuna. Dawa nimezitia chini ya ngazi kwa sababu ndipo penye kivuli: ndoo ya klorini ya unga, ndoo ya vidonge, galoni la asidi, na petroli ya jenereta.

Mwenye nyumba anataka tuweke lile kasha la njumu (mapambo ya shaba) la bibi yake hapo kando liwe la mataulo. Nimemwambia angoje kwanza. Nyinyi mnaoshughulika na mabwawa mnapangaje? Pesa ni kidogo, ila seremala tunaye.

FundiWaBwejuu

Waalaykum salaam dada yangu.

Mataulo yangoje. Leo hii kabla hujalala itoe hiyo petroli chini ya ngazi, na asidi nayo. Klorini yenyewe haiwaki, lakini inaulisha moto. Ikigusana na petroli au mafuta inaweza kushika bila mtu kuwasha kiberiti. Asidi ikimwagikia klorini inatoka gesi ya sumu, na hapo ni chini ya ngazi, watu wamelala juu. Hata unga na vidonge usiviweke pamoja. Watu huona vyote ni klorini tu, lakini vidonge vingi vinavyouzwa ni dawa ya aina nyengine, na vikichanganyika na ule unga, hasa pakiwa na unyevu, vinaweza kuripuka. Kila kimoja kijiko chake, kikavu. Na unapoyeyusha, unga ndio unaoingia kwenye ndoo ya maji. Maji usiyamwage juu ya unga.

Ndoo za klorini zikae juu ya kichanja, si sakafuni, pahala pakavu penye kivuli na hewa inayopita, mlango una kufuli. Asidi iwe upande mwengine kabisa wa nyumba, chini, ndani ya beseni la plastiki ili galoni likivuja lisitambae. Usitie zana za chuma humo. Angalia bawaba za mlango wako wa ngazi, nakisia zimeshaliwa na kutu. Ule mvuke hauchagui.

Sasa vitu vyako. Wengi huku mashariki hupanga bwawa kwa macho, panapopendeza. Mie napanga kwa upepo. Kusi linakuja kutoka baharini upande wa kusini, kaskazi nalo linatoka baharini upande wa kaskazini. Kwa hiyo mwaka mzima kitu chepesi ukikiacha upande wa ufukwe, safari yake inaishia bwawani. Kiti, boya, taulo, kofia ya Mzungu, vyote. Vihamishie upande wa nyumba. Hapo upepo ukivichukua unavigonga ukutani, bwawa limeshapitwa.

Lakini pembe mbili za upande wa nyumba usizitie kitu. Wakati wa kusi majani yanajikusanya pembe ya kaskazini, wakati wa kaskazi yanahamia ya kusini. Ukiziba pembe kwa viti utakuwa unafagia baina ya miguu ya viti mpaka uchoke. Vitu vikae katikati ya ukuta, pembe ziwe za ufagio.

Halafu tundika. Mwambie seremala akupigie nguzo mbili za mvinje na ubao mmoja mrefu wa kulabu, skrubu ziwe stenlesi. Msumari wa kawaida kwa chumvi ya Jambiani haumalizi mwaka bila kulilia kutu ukutani. Fito ya neti na brashi zilale juu kabisa chini ya paa, kwa ulalo, maana zikisimamishwa lazima zianguke, na zikianguka zinakwenda kwenye kichwa cha mtoto. Mpira wa maji uzungushe kwenye kulabu yake. Maboya tia ndani ya wavu wa zamani wa uvuvi, ufunge mdomo, utundike. Wavu unapitisha upepo na maji yanachuruzika.

Mataulo mabichi weka kreti za plastiki za soda zilizotobokatoboka, moja juu ya nyengine. Kapu la ukili zuri kwa macho, ila kwa taulo bichi linaota ukungu. Kuhusu kasha, mwenye nyumba ana haki na mali yake, lakini njumu ile itakuwa kijani kabla Ramadhani haijafika. Likae ukumbini.

MamaWaPaje

Fundi kamaliza, mie naongeza la mataulo tu. Kila chumba nimekipa rangi yake, na kulabu yake ina rangi hiyo hiyo. Mgeni mwenye taulo la buluu anaona mwenyewe kulabu ya buluu iko tupu. Tangu hapo sigombani na mtu. Kabla ya hapo familia moja ilikuwa inachukua mataulo mapya kila ikitoka majini, kutwa nzima nafua, na maji yetu ya kisima yana chumvi, taulo linakauka limesimama wima.

Mchanga je? Hujautaja lakini najua unao. Jenga pa kuoshea miguu kwenye kigeti cha ufukweni, kama birika la msikitini. Mtu avuke hapo ndiyo akanyage sakafu.

MpembaWaWete

Mama, birika zuri, lakini lisituwame. Mbu wa denge (homa ya kidingapopo) anazaa kwenye maji kidogo ya namna hiyo hiyo, na huyu anauma mchana, wakati wageni wako wamelala kwenye viti. Kwenye bwawa lenye klorini hazai. Yeye anatafuta vya pembeni: kifuu cha nazi, ndoo ya mtoto, mikunjo ya turubai, sahani ya chini ya chungu cha maua. Kwa joto letu yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja hivi, na mayai yake yanavumilia ukavu miezi, kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi, sugua na ubavu wa chombo. Bora bomba la kuoshea miguu, sakafu ya kokoto chini yake, maji yazame.

BintiMsimamizi

Ahsanteni sana. Petroli imeshatoka chini ya ngazi, asidi nimeipeleka nyuma ya jiko la zamani ndani ya beseni. Bawaba kweli zimeliwa, Fundi, moja imebaki kwa jina tu.

Kreti nitazipata sokoni Mwanakwerekwe. Ila nina suala. Ile mivinje iko upande wa ufukwe na haikatwi, ndiyo inayozuia mchanga. Vijani vyake vyembamba vinapita kwenye kikapu cha skima (lile tundu la ubavuni mwa bwawa linalovuta takataka za juu ya maji) vinakwenda kujazana kwenye pampu. Kila siku nafungua.

FundiWaBwejuu

Usiikate, bila hiyo utafagia ufukwe mzima ndani ya bwawa. Chukua soksi ndefu ya nailoni ya kike, ivishe juu ya kikapu cha skima, kisha rudisha kikapu. Vile vijani vinabaki kwenye soksi. Ila itazame asubuhi na jioni, siku za kusi kali hata adhuhuri, kwa sababu soksi ikijaa maji hayapiti na pampu inavuta hewa. Tundika soksi mbili tatu za akiba kwenye kulabu ya mwisho karibu na skima, ili anayebadilisha asiingie ndani na miguu mibichi kutafuta.

MamaWaPaje

Na umwambie mfanyakazi ni za nini. Wa kwangu alizifua, akazikunja, akazipeleka chumbani kwa mgeni.