Donati zangu za protini zimetoka kama mpira, nakosea wapi?

MwikoMgeni

Wadau habari zenu. Naomba msaada kabla sijagawa trei yangu kwa mtu mwingine.

Nina miezi kadhaa nanyanyua vyuma na nimeamua kuongeza protini kwenye chakula. Shida yangu ni usiku. Nikishakula na kushiba, roho inataka kitu kitamu, na kitu chenyewe ni donati. Nikaona badala ya kushindana na roho kila siku, bora nizioke mwenyewe, zisikaangwe, na protini iwe humohumo ndani.

Nilivyofanya: unga wa ngano niliutoa wote, nikaweka poda ya protini ya wei (ile inayotokana na maziwa) yenye ladha ya vanila, gramu 120. Ute wa mayai manne, viini nikavitupa (msinipige). Mafuta hata tone. Maziwa nilikadiria kwa macho. Bekingi pauda kijiko kimoja cha chai. Oveni nyuzi 200, dakika 18, maana dakika ya 12 nilichungulia nikaona katikati bado pana unyevu.

Zilitoka zimeumuka vizuri, nikapiga na picha. Baada ya dakika tano zikasinyaa. Kung'ata, meno yanarudi. Mwanangu aliirusha moja ukutani aone kama itadunda.

Naomba kujua nakosea wapi. Na je, ni kweli joto la oveni linaua protini? Kama ni kweli, basi najisumbua bure.

---

UngaNaMizani

Pole mkuu. Habari njema ni kwamba umekosea karibu kila mahali kwa mara moja, kwa hiyo ukirekebisha utaona tofauti kubwa.

Kosa mama ni kudhani poda ya protini ni unga. Unga wa ngano una wanga, na wanga ukipata maji na joto huvimba na kuyashikilia yale maji. Ulaini wa donati unatoka hapo. Wei haina wanga wa kufanya kazi hiyo. Tabia yake inafanana zaidi na ute wa yai: ikipita nyuzi 70 hivi huanza kuganda, na ukiendelea kuipika inajikaza na kukamua maji yaliyokuwa ndani. Halafu juu ya wei ukaongeza ute wa mayai manne, bila kiini, bila mafuta. Hapo hujaoka donati, umeoka ute wa yai wenye tundu katikati. Kuumuka kisha kusinyaa ni ushahidi huohuo: hewa iliinua, lakini hapakuwa na kitu cha kuishika ilipopoa.

Kuhusu joto, ondoa wasiwasi. Linaikunjua protini, haliiondoi. Yai la kuchemsha na yai bichi ni protini ileile, na lililopikwa mwili unalimeng'enya vizuri zaidi.

Mimi poda siizidishi robo ya vitu vikavu, yaani unga na poda vikijumlishwa. Protini nyingine naitafuta kwenye mtindi mzito uliochujwa, kwa sababu ule unakuja na unyevu wake. Kwa donati sita napima hivi: unga wa ngano gramu 100, poda gramu 30, mtindi mzito usio na mafuta gramu 120, yai moja zima na kiini chake, sukari gramu 40, mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula, maziwa vijiko viwili vya chakula, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, soda ya kuokea robo kijiko cha chai, chumvi kidogo na vanila. Soda ipo kwa sababu ya uchachu wa mtindi. Ukitumia maziwa peke yake, iache.

Pima kwa mizani. Kile kijiko kinachokuja ndani ya kopo la poda kila kampuni ina saizi yake, na gramu kumi za ziada kwenye mchanganyiko mdogo hivi utazisikia mdomoni.

Vikavu chekecha pamoja, maana poda hupenda kufanya madonge. Vya majimaji koroga pembeni, kisha unganisha kwa mwiko, mizunguko michache tu. Ukiona vidonge vidogo vya unga, viache. Ukikoroga mpaka pawe laini kabisa unaamsha gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, na huo ni mpira wa aina ya pili. Weka kwenye mfuko wa plastiki, kata kona, kamulia kwenye trei uliyoipaka mafuta, ijae theluthi mbili.

Oveni nyuzi 175, dakika 9 mpaka 11. Chomeka kijiti cha meno dakika ya 9. Kikitoka na chembechembe zenye unyevu, toa. Usisubiri kitoke kikavu, maana trei ikiwa nje bado ina moto na inaendelea kupika. Hizo dakika 18 zako zingekausha hata donati yenye siagi.

---

SikioLaKando

Mimi nimekuja kusoma tu. Ila hujamaliza stori. Ilidunda?

MwikoMgeni

Ilidunda.

---

MsomaLebo

Niwe mtu mbaya kidogo hapa. Nimepiga hesabu ya vipimo vya UngaNaMizani: unga una protini kama gramu 10, poda tuseme 24, mtindi 12, yai 6, maziwa moja. Jumla 53, gawa kwa sita, unapata karibu gramu 9 kwa donati. Mayai mawili ya kuchemsha yanakupa 12 na hujaosha chombo hata kimoja. Kwa nini mtu asile mayai yake, halafu akitamani donati ale donati ya kweli?

UngaNaMizani

Hesabu yako iko sawa, na ushauri wako haujakosea kwa mtu anayetamani donati mara moja kwa mwezi. Mwenzetu anazitamani kila usiku. Maliza hesabu basi: hizi zangu zinakuja karibu kalori 150 moja. Ya kukaanga yenye sukari juu inafika 250 hivi, na protini yake gramu tatu au nne. Akila mbili kila siku, tofauti ni kalori 200. Hiyo si ndogo.

Nakuunga mkono kwenye jambo moja tu: zisiitwe dawa. Ni kitafunwa kitamu kilichopunguzwa madhara. Akila sita kwa sababu zina protini, amekula kalori 900 kabla ya kulala.

MsomaLebo

Haya, hapo tumeelewana. Niongeze kwa wanaosoma kimya: mwenye ugonjwa wa figo asianze kuongeza protini kwa kufuata mazungumzo yetu humu, aongee na daktari wake kwanza.

---

TumboLepesi

Wei inanisumbua tumbo, kwa hiyo natumia protini ya njegere. Msiifuate resipi ya juu gramu kwa gramu kama mnatumia hii, maana inakunywa maji vibaya sana. Mimi huongeza maziwa ya soya vijiko viwili au vitatu zaidi, halafu naacha mchanganyiko utulie dakika kumi ndipo nione kama unahitaji mengine. Ukioka papo hapo zinatoka kavu na zenye chengachenga. Soda siweki kabisa, bekingi pauda inatosha, kwa sababu soda huanza kazi mara inapokutana na uchachu na ukisubiri hewa inaisha bakulini.

Ladha yake nayo ni ya udongoudongo, tusidanganyane. Vanila haiifichi. Kakao inaificha vizuri, vijiko viwili vya chakula, na mdalasini kidogo.

---

KijikoKidogo

Swali dogo wakuu. Sukari naweza kuitoa yote nikaweka vile vitamu visivyo na kalori?

UngaNaMizani

Unaweza, ila jua unachopoteza. Sukari hushika unyevu na kusaidia rangi, si utamu peke yake. Nimejaribu erithritoli tupu, mojawapo ya hivyo vitamu: donati zilikuwa nyeupenyeupe na zinaacha ubaridi kwenye ulimi kama umelamba pipi ya mnanaa. Nusu kwa nusu zilikubalika. Na onja poda yako kwanza, nyingi zimeshatiwa kitu kitamu tayari, pengine gramu 20 za sukari zitakutosha.

Halafu, nje ya mada: kama unafuga mbwa, usitumie zailitoli, kitamu kingine cha badala ya sukari, au usiache kipande kidondoke. Kwa mbwa ni sumu, hata kiasi kidogo.

---

MwikoMgeni

Nimerudi na majibu. Nimepima kila kitu, yai zima, mafuta nimeweka, nikatoa dakika ya 10 huku roho ikiniambia bado. Wakuu, ni laini! Si laini ya dukani, iko karibu na keki kuliko donati ya hamira, lakini inang'atika na inamezeka bila maji. Mwanangu amekula mbili na hakurusha chochote.

Kasoro mbili zimebaki. Sukari ya juu niliyotengeneza kwa mtindi na poda iliteleza yote ikaishia kwenye sahani. Na mbili nilizoacha mezani bila kufunika, asubuhi zilikuwa zimekakamaa.

TumboLepesi

Ulizipaka zikiwa bado na moto, bila shaka. Subiri zipoe kabisa, nusu saa hivi, ndipo uchovye. Na huo uji wa juu uwe mzito, udondoke kwenye kijiko polepole. Ukiwa mwepesi ongeza poda kidogokidogo.

UngaNaMizani

Kukakamaa ni kawaida yake, mafuta ni machache kwa hiyo hazivumilii hewa. Siku ya kwanza ziweke kwenye chombo chenye mfuniko. Zinazobaki zigandishe zikiwa tupu, bila kupaka kitu, kila moja imefungwa peke yake. Ukitaka kula, sekunde 20 kwenye maikrowevu, ziache zipoe, kisha paka juu. Mimi naoka kumi na mbili Jumapili na kugandisha kumi, maana zikiwa kama jiwe la barafu, kila usiku inabidi kuamua upya kama kweli naitaka.

SikioLaKando

Kumi na mbili kutoa kumi. Mbili za Jumapili tumezielewa.