Makala yangu imenukuliwa mara nne, mtandaoni nina sifuri. Naombeni ushauri

Mgeni_wa_Isimu: Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2019 nilichapisha makala kwenye jarida la hapa nyumbani, Kiswahili tupu. Kwa macho yangu nimeona wanne wamenirejelea, mmoja hadi ukurasa kautaja. Nikifungua Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma na kuhesabu nukuu, makala ipo, ila haina hata nukuu moja. Mwezi ujao kamati ya kupandisha vyeo inataka idadi. Nimwandikie nani?

Bibi_Maktaba: Pole mwanangu. Hakuna mtu aliyekaa kule anahesabu. Zamani walikuwepo: Eugene Garfield alipoanzisha faharasa yake ya nukuu za sayansi kule Philadelphia miaka ya 1960, marejeleo yaliingizwa na watu. Tangu CiteSeer, mtambo wa kutafuta makala za kisayansi mtandaoni, ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, programu ndiyo inayofungua PDF, inatafuta orodha ya mwisho, inachambua kila ingizo (hili jina, huu mwaka, hiki kichwa), halafu inalinganisha na makala inazozijua. Ikikwama popote hapo, nukuu yako imekwenda na maji. Hebu fungua hizo nne, ujaribu kunakili neno moja.

Mgeni_wa_Isimu: Mama, tatu zinagoma. Ni kama picha.

Fundi_wa_Jarida: Basi ugonjwa umeonekana. Zimeskaniwa, hamna maandishi ndani. Na hata zikisomeka, mwongozo wa Google Scholar kwa wachapishaji unataka faili lisizidi MB 5, na orodha ya mwisho iwe na kichwa mfano "References" au "Bibliography". Sisi tunaandika MAREJELEO kwa fahari zote! Jarida ninalolisaidia sasa linaweka vichwa viwili, Kiswahili juu, Kiingereza chini. Inaudhi, lakini ndiyo hivyo.

Mzee_Kijiwe: Mnailaumu mashine bure. Kijana, hao wanne walikuandikaje? Majina yetu ni matatu na kila mtu anakata anapotaka.

Mgeni_wa_Isimu: Duh. Shikamoo mzee. Mmoja kaweka jina la babu, mwingine jina langu la kwanza kama ndilo la ukoo, tena mwaka 2020. Yule ambaye PDF yake inasomeka ndiye huyo wa 2020.

Mzee_Kijiwe: Marahaba. Unaona?

Bibi_Maktaba: Kwa mwezi mmoja hutarekebisha yote. Chapa zile kurasa nne za marejeleo, pigia mstari ingizo lako, ambatanisha na barua. Huku ukimwomba mhariri apandishe upya mafaili yenye maandishi. Na jarida likipata DOI, yaani namba ya kudumu ya kila makala, lipeleke Crossref (shirika linalosajili namba hizo) orodha za marejeleo pia, maana wengi husajili kichwa na waandishi wakaishia hapo. Wewe jifungulie ORCID leo, namba ya kudumu ya kumtambulisha mwandishi, ni bure, uchague jina moja usilibadilishe tena.

Mgeni_wa_Isimu: Asante mama. Nimempigia mhariri. Anasema mafaili ya Word yalikuwa kwenye kompyuta ya katibu aliyehamia mkoani. Natafuta namba yake.