Kontena la futi 20 kwa pikapu na trela la ekseli mbili: inawezekana?

Mtaratibu
Wakuu, nina pikapu ya kebini mbili, dizeli 2.8. Kitabu cha gari kinasema mwisho wa kuvuta ni kilo 3,500 kwa trela lenye breki, na gari na trela pamoja na vilivyomo visizidi kilo 6,000. Pikapu yenyewe ni 2,150. Trela ni flati ya ekseli mbili, kitanda cha mita 6.2, tupu lina kilo 1,150, na bamba lake linasema mwisho 3,500 pamoja na mzigo. Nataka kuhamisha kontena la futi 20 kwa kilomita 40, na njiani kuna mteremko mrefu. Ndani kuna rafu za chuma kama kilo 600, sikupanga kuzitoa. Trela halina loki za kontena, yale makufuli ya chuma yanayoingia kwenye matundu ya kona za chini za kontena. Inafaa, au natafuta balaa?

Giya Nzito
2.8 hiyo inavuta hata tani tano. Ingiza namba moja uende zako.

Fundi Ekseli
Kuvuta itavuta, hilo halina ubishi. Shida inaanza pale inapotakiwa kusimama, na hapo ukubwa wa injini haukusaidii.

Mtaratibu, kasome mlango wa kontena. Utaona MAX GROSS (mwisho wa kontena pamoja na mzigo), TARE na NET (mwisho wa mzigo peke yake). Hiyo TARE ndiyo uzito wa kontena tupu. Kwa futi 20 la kawaida huwa kati ya kilo 2,200 na 2,300. Tuchukue 2,250. Ongeza trela 1,150, unapata 3,400. Umebaki na kilo 100 tu, na humo humo uhesabu minyororo, mbao na tope lililoganda chini ya kontena. Ukiacha rafu ndani ni kilo 4,000: umevuka kikomo cha pikapu na cha trela kwa mpigo. Kwa hiyo rafu zitoke, ziende safari yake. Usizihamishie kwenye bodi ya pikapu, nitaeleza kwa nini.

Ule mwisho wa 6,000: 2,150 na 3,400 ni 5,550. Zinabaki 450 kwa watu, vifaa na kila ulichopakia kwenye gari. Hapo tayari rafu hazina nafasi. Kisha kuna uzito wa shingo, yaani ule trela linaoukandamiza kwenye tufe la kuvutia. Unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya trela lililopakiwa, kwako kilo 340. Pikapu nyingi za daraja hilo zina kikomo cha 350 kwenye tufe, soma bamba la kiungio chako. Kilo hizo 340 zinakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, zinabonyeza springi na kuinua pua, usukani unakuwa mwepesi. Ndiyo maana nasema bodi ibaki tupu.

Tairi nazo: 3,400 toa 340 za shingo, kilo 3,060 zinabaki kwa tairi nne za trela, 765 kila moja, kama mzigo umekaa sawa kabisa, na mzigo haukai sawa kabisa. Tairi yenye namba ya mzigo 100 (iko ubavuni, baada ya saizi) inabeba kilo 800, hiyo ni kubana mno. Tafuta 104, inabeba 900, na upepo ujazwe asubuhi tairi zikiwa baridi kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Mama Winchi
Kwenye kupakia ndiko watu wanakoumia. Kama unalivuta kontena kwa winchi kupanda trela kutokea nyuma, kuna dakika kontena lote linakuwa limelalia mkia wa trela. Shingo inapanda na kuinua matako ya pikapu. Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma tu, na hayo sasa yako hewani au yamegusa ardhi kidogo, gari linaanza kuserereka. Kabla ya kugusa winchi: weka miguu ya chuma au magogo chini ya mkia wa trela pande zote mbili, na kabari kwenye magurudumu ya MBELE ya pikapu. Waya wa winchi ufungwe kwenye kona mbili za chini kwa mnyororo wa pembetatu. Ukishika kona moja kontena linakwenda mshazari.

Kufunga: chomelea loki nne za kontena. Zikae kwenye mihimili ya chesisi, siyo kwenye bati la kitanda. Katikati ya tundu hadi katikati ya tundu ni milimita 5,853 kwa urefu na 2,259 kwa upana. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja pima ulalo pande zote mbili, kila mmoja uwe 6,274, ukipishana sana loki moja haitaingia. Mihimili ya flati nyingi ni myembamba kuliko hapo, itabidi uongeze mikono ya chuma pembeni. Kumbuka kontena linasimama kwa kona zake nne, tumbo liko juu kidogo. Kona ikining'inia nje ya kitanda, tumbo ndilo linabeba.

Bila loki, tumia minyororo minne ya milimita 8 ya gredi 80 (daraja la uimara wa chuma chake), kila mmoja ubebe kilo 2,000, na vikaza vyake. Kona ya mbele ivutwe kuelekea nyuma, kona ya nyuma kuelekea mbele. Ukifunga breki ghafla kontena husukuma mbele kwa karibu asilimia 80 ya uzito wake, hapa kilo 1,800, na chuma juu ya chuma huteleza kama sabuni, kwa hiyo weka mpira chini ya kila kona. Mikanda ya kurusha juu ya paa sahau. Paa linabonyea, mkanda unalegea.

Mtaratibu
Nimewaelewa, rafu zinatoka. Uzito wa shingo naupimaje bila mizani kubwa?

Fundi Ekseli
Mizani ya bafuni na ubao imara. Ncha moja ya ubao ikae juu ya bomba, ncha nyingine juu ya mizani, umbali sentimita 120. Shingo uishushie sentimita 30 kutoka kwenye bomba, trela likiwa limelala sawa na magurudumu yamewekewa kabari. Toa uzito wa ubao, zidisha namba mara 4. Ukitaka 340, mizani isome 85. Ikisoma 60, sogeza kontena mbele. Kama kutoka tufe hadi katikati ya ekseli ni mita 4.5, kila sentimita 10 zinaongeza kama kilo 50 shingoni. Kitanda chako kina nafasi ya sentimita 14 tu, kwa hiyo loki zisichomelewe kabla hujapima. Na usidhani katikati ya kontena ndiyo katikati ya uzito: upande wa milango ni mzito zaidi.

Dereva Mteremko
Kwenye mteremko shusha giya kabla hujauanza, injini ishike. Kama breki za trela ni za kusukumwa, zinafanya kazi kila trela linapolisukuma gari, maana yake mteremko mzima zinachemka hadi zinalainika. Simama chini, sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kugusa: kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, breki imeganda au beringi inakufa.

Trela likianza kutikisa mkia, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama una swichi ya breki ya trela ibonyeze peke yake. Ukikanyaga breki ya gari, trela linakupita ubavuni. Ubavu wa kontena ni karibu mita 16 za mraba. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukipiga ubavuni unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 300. Siku ya upepo usiondoke. Siku nyingine, mwendo wa kilomita 60 kwa saa unatosha. Baada ya kilomita 5 za kwanza simama ukaze upya minyororo na nati za tairi.

Giya Nzito
Sawa, nafuta zile tani tano. Mtaratibu, uliza kwanza bei ya lori la kujipakia, lile lenye mkono wa winchi. Kwa kontena moja tu, hizo loki na minyororo huenda zikakutoka zaidi.