Tupeane uzoefu: kashe ya tokeni imewahi kukuokoa au kukuumbua?

Wakuu, nianze mimi, maana Kariakoo niliaibika.

Mfumo wa mauzo wa duka la jumla. Kila simu ya muuzaji ina tokeni yake, yaani msimbo wa siri unaoitambulisha kwa seva, nami kwa ujuaji nikazihifadhi kwa bcrypt, njia ya kuvuruga nywila zisisomeke, kana kwamba nazo ni nywila. Sasa bcrypt ni nzito makusudi, ili anayebahatisha nywila achoke. Nywila unaihakiki mara moja tu mtu anapoingia, lakini tokeni inahakikiwa kwenye kila ombi, na kwa kiwango cha uzito nilichoweka, 12, kila ombi lilikula karibu robo sekunde ya prosesa. Jumamosi ya kuelekea Idi foleni ikafika barazani. Mama mwenye duka akaniita pembeni: "Mwanangu, bora turudi kwenye daftari."

Usiku ule nikaweka Redis, hifadhi ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, iwe kashe: ghala la muda la majibu yaliyokwisha kupatikana. Tokeni ikishapita mara moja, jibu linakaa sekunde 60. Ufunguo wa kashe ni SHA-256 ya tokeni (alama inayokokotolewa haraka, isiyorudishika kuwa tokeni), si tokeni yenyewe, asije mtu akachungulia akaondoka nazo. Foleni ikaisha. Nanyi?

Mdau wa Tabata: Mkuu, umetibu kidonda ulichojikata mwenyewe. Tokeni ya baiti 32 za nasibu hakuna wa kuibahatisha. Ungehifadhi SHA-256 yake tu tangu mwanzo, kashe ya nini?

Mwanzisha mada: Dah. Nimekubali.

Mdau wa Mbagala: Mimi kasi niliipata, kisha ikanitokea puani. Jibu niliweka likae dakika 15. Bosi kamfukuza keshia, akaunti kaifuta mbele ya macho yangu. Dakika kumi baadaye jamaa yuko kwenye daladala anafuta risiti kwa simu! Kashe bado inamtambua. Siku hizi kila mtumiaji ana namba ya toleo humo humo Redis, na kila jibu la kashe linabeba namba hiyo. Akitolewa naipandisha, majibu yake ya zamani yanakufa papo hapo.

Mdau wa Tegeta: Yetu ni seva ya utambulisho iliyoko Ulaya. Kila ombi lilikuwa linavuka bahari kuuliza "huyu bado hai?" Kashe ikatuokoa, ila nilifanya makosa mawili. Nililiweka jibu saa nzima wakati tokeni imebakiza dakika mbili. Halafu mtandao ukayumba kidogo, nami nikahifadhi ule ukimya kama "hapana", watu wakafungiwa nje mpaka saa ikaisha. Sasa jibu linakaa sekunde 30, au muda uliobaki kwenye tokeni kama ni mfupi zaidi. Mtandao ukigoma, sihifadhi kitu.

Mdau wa Ubungo: Mimi natumia JWT, tokeni inayobeba saini yake yenyewe, ya HMAC (saini ya ufunguo wa siri); saini inahakikiwa hapo hapo kwenye seva, ni mikrosekunde tu. Nikaitangulizia Redis, mfumo ukawa mzito zaidi. Nikaing'oa. Pimeni kwanza, jamani.

Mwanzisha mada: Wa Mbagala, ukipandisha toleo, simu zake nyingine nazo zinatoka?

Mdau wa Mbagala: Zote. Akipoteza moja, anaingia upya kwenye zilizobaki. Wananung'unika, nawaachia tu.