Nachagua sana chakula, na mahari inapelekwa Ukerewe. Nifanyeje?

Mgeni wa Nansio:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nina miaka 34, fundi umeme, naishi Dodoma. Sili samaki. Sili dagaa, bamia, mlenda, mtindi, parachichi wala chochote kinachoteleza mdomoni. Nyanya nakula ikiwa imepikwa mpaka ikapotea. Nikikutana na ganda lake, chakula kimeishia hapo. Ugali, wali, maharage, nyama, mayai, chapati, mchicha: hapo hamniwezi. Si dini, si dawa, si masharti ya mganga. Nikilazimisha koo linafunga, natapika. Ndivyo nilivyo tangu mdogo, na fimbo nilichapwa za kutosha.

Mchumba wangu ni wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mnaokijua kisiwa kile mmeshaelewa. Mwaka jana nilikwenda kujitambulisha. Tumeshuka melini Nansio, kufika nyumbani chakula kimeshatengwa: ugali wa muhogo na sato mzima wa mchuzi, jicho linanitazama. Nikawa namega ugali, nachovya kwa ncha tu, huku napiga stori za Dodoma ili wasinione mkono. Yule sato akarudi jikoni kama alivyokuja.

Baadaye nikasikia maneno kupitia kwa mchumba. Baba mdogo: "Huyo anatuona wachafu." Shangazi akaenda mbali zaidi: "Anaogopa tumemtilia kitu."

Hilo la shangazi ndilo linaninyima usingizi. Desemba tunapeleka mahari. Niseme nina mzio wa samaki yaishe, au nijikaze nimeze?

Kichwa Ngumu:
Mchagua jembe si mkulima. Miaka 34 unaogopa bamia? Acha kudeka. Meza, shushia na maji.

Mama Pacha:
Kichwa Ngumu, wewe hakuna kitu usichokula?

Kichwa Ngumu:
Maini tu. Yana harufu.

Mama Pacha:
Haya baba, meza, shushia na maji.

Chai ya Rangi:
Kaka, usiguse habari ya mzio. Mimi ukweni Singida niliona mtindi wenye tabaka la mafuta juu, nikasema maziwa yananidhuru. Ni mwaka wa tisa huu. Mtindi ndio siupendi, lakini chai ya maziwa naipenda kuliko kitu gani, na pale nyumbani nakunywa ya rangi wenzangu wote wakiwa na ya maziwa. Mama mkwe kwa upendo wake amewatangazia mpaka majirani. Kwenye msiba mmoja nilijisahau nikapokea kikombe. Mama wa watu alinyanyuka mbio akanipokonya. Nikajiona mshenzi.

Na wako utakuwa mgumu zaidi. Kuna watu mzio wa samaki unawavimbisha koo kweli mpaka wanafariki. Ukishasema hivyo, binti yao hatapika samaki kwake mpaka azeeke? Watauliza.

Mwana Muleba:
Mimi nitazame upande mwingine. Kwetu Kagera kila ukoo una muziro wake, kiumbe ambacho watu wa ukoo huo hawali. Mgeni akisema "hicho ni muziro wetu", sahani inaondolewa kwa heshima, tena mwenyeji anaomba radhi. Hata senene wenyewe, ambao leo mnatuomba tuwaletee kwa paketi, bibi zetu waliwakusanya na kuwakaanga lakini walikatazwa kuwala. Hakuna aliyewaita wenye maringo.

Kwa hiyo kukataa chakula si jambo geni kwetu. Ukikataa kwa sababu ya ukoo, dini au daktari, unasikilizwa. Ukikataa kwa sababu ya ulimi wako mwenyewe, hapo ndipo unaitwa mwenye dharau. Shangazi alikosa sababu, akajitafutia ya kwake. Mtu ukimwachia sahani iliyojaa bila neno, unategemea awaze nini?

Kichwa Ngumu:
Basi aseme ni muziro wa kwao, kesi imekwisha.

Mwana Muleba:
Atakuja na wazee wake kupeleka mahari. Wakiwekewa sato wakala mpaka mifupa, muziro utakuwa wa nani?

Nesi wa Zamu:
Naomba nichangie kikazi kidogo. Ndimi hazilingani. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alimwaga unga fulani maabara. Mwenzake akalalamika hewa imekuwa chungu. Yeye mwenyewe hakusikia ladha yoyote. Baadaye ikaja kujulikana kwamba tofauti hiyo mtu anaipata kwa wazazi. Hiyo ni habari ya uchungu tu. Utelezi na harufu vina mambo yake.

Pia kuna hali inayofahamika hospitali kwa kifupi ARFID. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza kwenye mwongozo wao mwaka 2013, na sasa imo pia kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Mwenye hali hiyo hakimbii chakula ili apungue mwili. Anakimbia namna kinavyokaa mdomoni, au harufu, au aliwahi kupaliwa akaingiwa na woga. Si kila anayechagua chakula anayo, tusije tukapeana vyeti humu. Ninachouliza mimi: uzito unashuka? Uliwahi kuambiwa damu ni ndogo? Unakwepa sherehe na safari za kazi kwa ajili ya chakula? Kama ndiyo, nenda ukaonane na daktari, na usione haya.

Habari ya kumeza kwa nguvu iacheni. Ukitapika leo, kesho harufu peke yake inatosha kukufunga koo. Jaribu nyumbani, ukiwa peke yako, kipande kama ukucha, cha namna iliyo karibu na vile unavyokula tayari. Unakula nyama ya kukaanga? Basi minofu ya sangara, isiyo na mwiba wala jicho, ikaangwe mpaka ikauke. Ukishindwa, umeshindwa mbele ya paka.

Mama Pacha:
Mdogo wangu, kwani mchumba wako yuko wapi kwenye hadithi hii? Anakuletea maneno ya shangazi, lakini yako hayapeleki kwa shangazi? Yeye ndiye wa kusema, na aseme kabla hamjapanda meli, kwa huyo huyo shangazi, maana ndiye atakayeyasambaza. Aseme hivi: "Mwenzangu samaki hajawahi kuweza, hata kwa mama yake mzazi." Hilo la mama mzazi ndilo litakalomaliza mambo ya kutiliwa kitu.

Na wewe ukifika, ule vile unavyoviweza mpaka waone. Ugali wa muhogo umeze tonge kubwa kubwa, omba na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mwenyeji anataka aone mtu anashiba.

Mgeni wa Nansio:
Asanteni wote, hata Kichwa Ngumu. Nesi, uzito uko sawa, damu sijapima, nitapima. Sherehe nazikwepa, hilo sikuwahi kulihesabu kama tatizo.

Nimempa mwenzangu uzi huu ausome. Kwenye chai ya rangi amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akampigia shangazi palepale, simu kwenye spika, mimi nasikiliza. Shangazi kanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mbona hakusema? Tungemchinjia kuku." Akaongeza kwamba mama mkwe wangu mwenyewe hajawahi kutia samaki aina ya kamongo mdomoni toka azaliwe, eti anafanana na nyoka. Kisiwani pale wanalijua watu wote, na hakuna aliyewahi kumwita mwenye maringo.

Jioni nimepita sokoni nikanunua minofu ya sangara, nusu kilo. Iko kwenye friji. Bado hatujatazamana.