Naombeni ushauri: Wapi Ulaya naweza kuteleza kwenye theluji mwezi wa 7?

Mgeni wa Baridi
Habari za jioni wanajukwaa. Niende moja kwa moja kwenye mada. Natafuta sehemu ya kuteleza kwenye theluji huku Ulaya mwezi wa saba, wiki ya pili au ya tatu. Najua kuna watakaocheka, ila theluji ipo hata kiangazi, milimani juu kabisa. Tutakuwa wawili, siku tatu zinatosha. Bajeti ipo ila si ya kuchezea. Mimi nimeshaifikiria Zermatt ya Uswisi, nataka tu kujua kama nipo sahihi. Matusi hapana tafadhali, nina mawazo ya kutosha.

Baharia wa Tandika
Nimevuta kiti. Wawili, wewe na nani?

Mchoma Mahindi
Mwezi wa saba watu wa Ulaya wanalala na feni, wewe unatafuta theluji! Nenda Moshi upande Kilimanjaro. Kiingilio cha hifadhi tutakuchangia humu humu.

Dada wa Tirol
Achaneni naye, swali lake ni la kweli. Nipo Austria mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye duka la kukodisha skii, zile mbao za kutelezea, na viatu vyake, kwa hiyo nisikilize mimi.

Jibu ni Hintertux. Iko mwisho wa bonde la Tux, tawi la bonde la Zillertal, barabara inaishia pale. Kuna barafu ya kudumu, wanafungua mwaka mzima, na juu kabisa ni mita 3,250. Ila usitegemee ya Januari. Kiangazi chini kote ni majani na ng'ombe, kinachobaki ni vipande vya juu tu. Unatakiwa uamke mapema. Saa mbili asubuhi theluji ni ngumu kama zege, saa nne ni tamu, saa sita imeshakuwa uji wa mgonjwa na watu wanashuka kwenda kula.

Sasa na wewe nijibu. Unateleza kwa kiwango gani? Kiangazi kule juu wanajaa vijana wa timu za mashindano, wamechomeka nguzo zao za mazoezi, wanashuka kama risasi. Siyo mahali pa kuanzia.

Mgeni wa Baridi
Asante sana dada. Kiwango changu ni cha kawaida. Hintertux nimeisikia ila hapana, lazima iwe Zermatt. Nilishafika Februari na rafiki yangu, tukapaki gari mbele ya hoteli, nikapapenda. Swali langu ni kama theluji ya mwezi wa saba inaaminika.

Mstaafu wa Bergen
Kijana, umenikumbusha mbali. Nilisoma Norwei enzi hizo barua kutoka Tanga inachukua wiki tatu. Wenzangu wakanipeleka kwenye barafu ya Folgefonna mwezi wa sita, jua linawaka, wao wamevaa kaptura na skii miguuni. Nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Aliyeniinua mara ya mwisho ndiye mama Neema, tupo naye mpaka leo.

Wanorwei wana vituo ambavyo hufunguliwa kiangazi tu, kama kule Stryn. Majira ya baridi theluji inakuwa nyingi mno, barabara inafungwa. Waitalia nao wana Stelvio, njia ya mlimani mita 2,757, hadithi ni hiyo hiyo. Theluji ikizidi hamtelezi, ikipungua ndipo mnateleza. Mimi huwa namwambia mama Neema kwamba dunia hii imepangwa na mtu mwenye utani.

Mgeni wa Baridi
Asante mzee wangu, ila Norwei ni mbali. Zermatt vipi?

Mama Junior
Mimi sielewi. Hoteli Uswisi, nauli, kukodi viatu, kulipa lifti za kupandia mlimani, yote ili uanguke kwenye barafu. Hiyo pesa ungeshusha tofali ngapi Chanika? Vijana wa ughaibuni mnarudi nyumbani na picha na begi la magurudumu.

Baharia wa Tandika
Mtoa mada bado anakwepa. Unakwenda na nani? Kama ni mchepuko sema, humu hakuna mtakatifu.

Mgeni wa Baridi
Hakuna mchepuko. Nakwenda na mjomba wangu. Anakuja kunitembelea kutoka Himo, viza ya Schengen ameshapata kwa mwaliko wangu. Na hoteli ya Zermatt nimeshalipia, usiku tatu, hela hairudishwi. Kwa hiyo msinishauri tena sehemu nyingine, nishaurini namna ya kwenda pale pale.

Baharia wa Tandika
Yaani umeshalipa halafu ndiyo unaomba ushauri. Sawa.

Nesi wa Köln
Mjomba ana umri gani? Na afya yake?

Mgeni wa Baridi
Mjomba yuko fiti.

Nesi wa Köln
Sikuuliza kama yuko fiti. Miaka mingapi, anatumia dawa gani?

Mgeni wa Baridi
68. Presha kidogo, ila anameza vidonge vyake na imetulia. Goti moja linamsumbua akipanda ngazi. Hatateleza, atakuja kuniangalia tu.

Nesi wa Köln
Hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza, mdogo wangu. Umewaacha watu wanakuelezea zege na uji wakati una mgonjwa wa presha.

Zermatt yenyewe iko kama mita 1,600, haina neno. Lakini theluji ya kiangazi haiko mjini. Unapanda vibehewa vya waya mpaka Klein Matterhorn, mita 3,883. Watu wa Himo mnaijua Horombo, kambi ya pili ya njia ya Marangu? Ile ni mita 3,720, na mtu anaifikia siku ya pili, kwa miguu, pole pole. Wewe unataka kumpandisha mzee juu kuliko Horombo kwa muda usiofika saa moja. Kule hewa anayovuta haifiki theluthi mbili ya ile ya Dar. Kichwa kitamuuma, moyo utakimbia, presha inaweza kupanda. Aongee na daktari wake kabla hujamnunulia tiketi. Na uisome bima yake ya safari. Ile ya viza ni ya kuanzia euro 30,000, lakini kama inalipia kushushwa mlimani kwa helikopta hilo ni swali jingine.

Mgeni wa Baridi
Dada, mjomba alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro ujana wake. Alibeba mizigo ya Wazungu mpaka Kibo, milima anaijua kuliko sisi wote humu.

Nesi wa Köln
Ujana wake. Umeandika mwenyewe.

Mjukuu wa Bern
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila kuna kitu kimenikwama. Mtoa mada ameandika kwamba Februari walipaki gari mbele ya hoteli Zermatt. Wadau, Zermatt hakuna magari! Gari unaliacha Täsch, kijiji cha jirani, unapanda treni, na mjini wana vigari vya umeme vidogo kama vya kiwanja cha gofu. Mtu aliyefika hawezi kusahau hilo, ndiyo kitu cha kwanza unachokiona.

Hii ni chai.

Mchoma Mahindi
CHAI! Nilisema mimi. Tena ya tangawizi.

Baharia wa Tandika
Leteni vitumbua. Kwa hiyo na mjomba hayupo? Nilishaanza kumwonea huruma na goti lake.

Mama Junior
Na mimi nimepoteza MB zangu kumshauri. Mods fungeni uzi.

Mkenya wa Eldoret
Hata kama ni hadithi, nimeipenda, wacheni iendelee. Nyinyi watu mnamkumbuka Philip Boit? Mkimbiaji wetu, alipelekwa Finland mwaka 1996 kufundishwa skii, akaenda Olimpiki ya Nagano 1998. Kilomita 10, akamaliza wa mwisho kabisa. Bjørn Dæhlie wa Norwei alikuwa ashashinda kitambo, lakini alikaa akimngoja pale mwisho akamkumbatia. Boit akamwita mtoto wake Dæhlie. Sasa huyo ni mwanariadha na alichukua miaka miwili. Huyu wetu amebakisha wiki sita.

Mgeni wa Baridi
Sawa. Mjomba yupo. Chai ni ile ya Februari tu.

Sijawahi kufika Zermatt. Sijawahi hata kuvaa vile viatu. Nilikuja Ujerumani kwa mafunzo ya hoteli, nipo Bavaria, namenya viazi na kuosha masufuria. Majira ya baridi wageni wanarudi na skii zimelowa, kazi yangu nyingine ni kuzifuta na kuzipanga stoo. Mjomba alinipigia mwaka wa kwanza akauliza nafanya nini, nikasema nafanya kazi na watu wa kuteleza kwenye theluji. Yeye akasikia nawafundisha. Sikumsahihisha. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limeshajua.

Mjomba ndiye aliyeuza shamba lake la tambarare ili nisome Kijerumani na nipate nauli. Nilimtumia picha nimebeba skii za mgeni, nyuma yangu Matterhorn, mlima wa Zermatt. Ule si mlima, ni bango la tangazo stesheni, nilizikata kingo zisionekane. Ndiyo maana lazima iwe Zermatt. Anataka kuniona nikiteleza pale pale kwenye picha.

Sasa chekeni.

Mchoma Mahindi
Nilikuwa nimejiandaa kucheka ila nimekosa pa kuanzia.

Mama Junior
Mwanangu, mpigie umwambie. Mtu aliyeuza shamba kwa ajili yako hawezi kukuchukia kwa sababu unaosha vyombo. Wanangu wawili wapo Muscat, wanasema mameneja. Unadhani mimi sijui? Nanyamaza tu.

Mjukuu wa Bern
Basi nisamehe, chai naifuta. Nikupe ya ukweli. Zermatt wanateleza mwaka mzima, lakini mwezi wa saba 2022 joto lilizidi mpaka wakasimamisha skii za kiangazi. Wafaransa ndiyo kabisa, Tignes zamani walikuwa wanateleza mwaka mzima, leo kiangazi chao kimekatwa vipande. Kwa hiyo hata ungekuwa bingwa, usimwahidi mzee kitu ambacho jua linaweza kukinyang'anya.

Ila hoteli umelipa, na Matterhorn haiyeyuki. Mpeleke Gornergrat. Ni treni ya kupanda mlima kwa gurudumu la meno, ipo tangu 1898, inawashusha mita 3,089. Mzee anakaa dirishani na blanketi lake, mlima upo mbele yake mzima. Akijisikia vibaya mnapanda treni inayofuata kushuka.

Nesi wa Köln
Hiyo naikubali zaidi, daktari wake akikubali pia. Wafike Zermatt kwanza, walale, ndipo wapande kesho yake.

Dada wa Tirol
Wewe Mgeni, siku yako ya mapumziko ni lini? Munich panda treni ya Innsbruck, shuka Jenbach, chukua kitreni cha Zillertal mpaka Mayrhofen, halafu basi. Viatu nitakuazima, lifti utalipa mwenyewe. Nitakufundisha kusimama, maana kuteleza kila mtu anajua, shida ni kusimama.

Mstaafu wa Bergen
Angalia tu nani anakuinua.

Baharia wa Tandika
Mzee!!

*(Siku kumi na moja baadaye)*

Mgeni wa Baridi
Mrejesho. Nimekwenda Hintertux mara mbili. Dada wa Tirol ni mtu wa kweli na ni mkali. Wanafundisha kama watoto: ukitaka kupunguza mwendo unapanua visigino skii zikae kama kipande cha pizza, ukitaka kwenda unazinyoosha kama chipsi. Mimi nilikuwa chipsi tu. Nilipitwa na mtoto ambaye nadhani hajaanza shule. Mara ya pili nimeshuka kipande kilicholala, mita labda mia mbili, bila kuanguka. Paja bado linauma.

Hoteli wamekubali jina la mjomba liwekwe chumba cha chini kwa sababu ya goti. Daktari wake Moshi amesema treni sawa, vibehewa hapana, nimefurahi kuliko alivyofurahi mjomba.

Kuhusu viazi na masufuria sijamwambia. Nimemwambia kwamba theluji ya kiangazi haina uhakika, tutauangalia mlima tu. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama jikoni kwetu wanapika ndizi. Sijui kwa nini amesema jikoni kwetu.

Nesi wa Köln
Unajua kwa nini.

Mjukuu wa Bern
Na ile picha ya bango?

Mgeni wa Baridi
Ameitia fremu. Ipo sebuleni, juu ya redio. Shangazi anasema ukiikaribia unaona kona moja kuna namba ya simu.