Nina miaka 34, nimeanza kujenga mwenyewe Dodoma, ndugu wanataka nisimame mpaka niolewe. Naombeni ushauri

Mbukwenyi wakuu. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi niandike maana usingizi siupati.

Mimi ni nesi hapa Dodoma mjini, kwetu Mpwapwa, kifungua mimba kati ya watoto watano. Baba alishatangulia, wadogo zangu wawili nimewasomesha mimi. Mdogo wangu wa kike aliolewa, ng'ombe wakaletwa nyumbani, tangu hapo kila nikienda swali ni moja, wewe lini. 2022 nilinunua kiwanja Michese kwa kulipa kidogo kidogo, mwaka jana nikapiga msingi na jamvi, sasa hivi nina tofali 1,400 saiti na nataka kunyanyua boma kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Nikampigia mama kwa furaha kabisa. Akanyamaza, halafu akasema mwanangu, mwanamke akitangulia kujenga anajifungia mlango, nani atakuja kumuoa mwenye nyumba. Wiki ileile baba mdogo akapiga, mjomba naye akapiga, yeye ameshaanza kuulizia ng'ombe wake wa mahari. Kuna kijana wameniletea, ana kazi, hanywi, sina ubaya naye ila moyo haujaenda huko, na ameshasema tukioana kiwanja kiandikwe jina lake.

Nikitoka zamu ya usiku Jumapili badala ya kulala naenda saiti. Nakaa pale itakapokuwa sebule na chupa yangu ya chai, upepo unaleta vumbi mpaka kwenye kikombe, napima vyumba kwa miguu, chumba changu hatua tano kwa nne. Nimepanda miarobaini miwili na mpera, nimeiwekea madumu yenye tundu dogo chini maji yadondoke taratibu. Tangu nizaliwe nimelala vyumba vya watu, na wadogo zangu, bwenini, hosteli, sasa hivi nimepanga mahali mwenye nyumba ananiuliza nani alikuja jana. Ndoa sijaikataa, ila sitaki kuingia mbio kama mtu anayekimbilia kibarazani kwa sababu ya mvua.

Nisimame au niendelee? Na mama nimwambieje, maana mama ndo kila kitu kwangu.

Kaka wa Bahi:
Dada pole. Mimi nakwambia kama kaka yako, wanaume wengi huku kwetu tukikuta mwanamke ana nyumba yake tunarudi nyuma, ndo ukweli ulivyo. Hiyo hela iweke benki, umri unaenda, nyumba haikimbii.

Mama Pendo:
Kaka wa Bahi nakuheshimu ila hapo hapana. Mimi niliuza mashamba ya alizeti niliyoachiwa na bibi, hela ikaingia kwenye kiwanja cha jina la mume kwa sababu hayohayo, heshima ya baba. Siku moja wakaja watu wawili na tepu wanapima ukumbi wangu nikiwa napika mlenda, nauliza nyie kina nani wananiambia mama sisi tumeshanunua. Baadaye ndo najua kumbe mke ana haki ya kuweka zuio nyumba ya ndoa isiuzwe bila yeye kuridhia, ila nilijua wakati nina watoto wangu kwa shemeji. Mdogo wangu jenga.

Mwanasheria wa Mtaa:
Mleta uzi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki ileile ya mwanaume kupata na kumiliki ardhi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mke anaweza kuwa na mali yake mwenyewe, kuolewa hakuondoi hilo. Ila ujue na hili, mali uliyokuja nayo ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa nguvu zenu wote wawili ndani ya ndoa, mahakama inaweza kuihesabu kwenye mgawanyo. Kwa hiyo risiti za nondo, saruji na mafundi zitunze zote. Halafu una hati au karatasi ya mauziano tu? Tangu CDA, ile mamlaka ya kuendeleza makao makuu, ivunjwe 2017 mambo ya viwanja yako halmashauri ya jiji, nenda kafuatilie jina lako lisomeke kwenye hati, usilale.

Fundi Kizota:
Dada tofali 1,400 kwa vyumba vitatu hazitoshi, na zikikaa saiti mwaka mzima zitapungua, wezi wapo. Kama mfuko umebana nyanyua vyumba viwili na choo, funga linta, paua, hamia, kingine utaongeza ukiwa ndani. Weka gata na tenki mapema, maji ya Dodoma unayajua.

Mzee wa Mvumi:
Binti yangu, nina watoto wa kike wanne. Mama yako haiogopi nyumba, anaogopa atakachoulizwa kanisani na kwenye misiba. Kwenye simu hamtaelewana. Mlete, mkalishe kwenye huo msingi, mwonyeshe chumba chake yeye.

Mleta uzi:
Asanteni sana, Mama Pendo nimelia. Mzee wangu nimefanya ulivyosema, Jumamosi nilimleta mama. Alizunguka kimya muda mrefu mpaka nikaogopa, akaokota kijiti akachora mstari kwenye vumbi, akaniambia upepo huku unatokea mashariki, mlango wa jiko ukiuweka hapa moshi wote utaingia ndani, uhamishie kule. Basi. Hajasema nijenge wala nisijenge, ila chumba chake aliingia mara mbili. Yule kijana nimemjibu mwenyewe kwa adabu, baba mdogo mpaka leo hapokei simu yangu na inaniuma.

Karatasi nilikuwa nayo ya mauziano tu, kesho naenda jiji. Fundi anaanza Jumatatu ijayo, mlango wa jiko tumeshauhamisha. Mwenye kujua nondo za milimita 12 zinauzwaje sasa hivi aniambie.